Mashine Mpya na Lugha ya Wateja wa Zamani

Miongoni mwa malalamiko ambayo karani wa ofisi ya mbali huyapeleka makao makuu bila ya kupata jibu la kuridhisha, liko moja linalozidi kuwa la kawaida popote palipo na kompyuta. Programu aliyoitumia jana kuandikia vizazi, au leseni, au malipo ya wazee, leo asubuhi inakataa kazi. Yeye hakuigusa. Umeme upo, mtandao upo, na neno lake la siri ni lile lile. Kwenye kioo cha kompyuta umeandikwa mstari mmoja wa maneno asiyoyafahamu, na fundi anapopigiwa simu husema tu kwamba mtambo wa kule umeboreshwa.

Umeboreshwa kwa nani? Hilo ndilo swali ambalo safu hii inapenda kuliuliza leo. Kilichotokea, kwa lugha nyepesi, ni kwamba hifadhidata, yaani lile ghala kuu ambamo kumbukumbu za ofisi zote huwekwa, imeacha kuitikia lugha ya zamani, na programu ya karani haijui nyingine. Walioamua mabadiliko hayo huwa katika mji mkuu, au katika nchi za ng'ambo, na kwao mabadiliko ni faida tupu. Gharama yake hulipwa na ofisi iliyo mbali zaidi na yenye vyombo vikongwe zaidi, na mwisho kabisa hulipwa na mwananchi aliyepanda gari alfajiri kuja kufuata cheti akaambiwa arudi wiki ijayo. Sisi wa visiwani hatuna budi kulitazama jambo hili kwa macho mawili, kwa kuwa vyombo vyetu vingi huvuka bahari kabla ya kutufikia, na aghalabu hutufikia vikiwa vimekwisha kutumika kwingine.

Kila mtu aliyelelewa pwani hii anajua kwamba nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu, mgeni hujitambulisha, ndipo shida yake ikasikilizwa. Kompyuta nazo zina adabu yao ya hodi, na adabu hiyo ndiyo iitwayo itifaki. Upande unaouliza huitwa mteja, na upande unaojibu huitwa seva. Tuchukue mfano wa PostgreSQL, hifadhidata ambayo asili yake ni kazi iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na ambayo leo hutumiwa duniani kote. Mteja wake akipiga hodi hutaja kwanza urefu wa ujumbe wake, kisha hutaja namba 196608. Namba hiyo haikuokotwa njiani. Ni 65,536 mara tatu, na maana yake ni kusema: mimi nazungumza toleo la tatu la lugha hii. Ndipo hufuata jina la mtumiaji na jina la daftari analolitaka. Seva humtaka neno la siri, na ikiridhika humjulisha kwamba iko tayari. Toka hapo kila ujumbe hutanguliwa na herufi moja inayoonyesha aina yake: Q kwa swali, T kwa maelezo ya muundo wa jibu, D kwa kila mstari wa jibu lenyewe, C kwa kuarifu kwamba kazi imekwisha, na Z kwa kusema lete jingine.

Mtu wa Micheweni na mtu wa Makunduchi wanaweza kutofautiana kwa maneno mengi na bado wakauziana samaki bila ya ugomvi, kwa sababu binadamu hukisia. Mashine haikisii. Herufi moja ikikosa mahali pake, au namba ya hodi ikiwa ngeni, mazungumzo hukatika papo hapo. Kwa hiyo anayebadilisha itifaki amebadilisha kufuli ya mlango, na kila mwenye ufunguo wa zamani atabaki nje hata awe mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye mitambo mipya. Zamani hifadhidata ya taasisi ilikaa katika kompyuta moja, na kompyuta hiyo ikifa, ofisi zote zilifunga. Leo zimekuja hifadhidata zilizosambazwa, ambazo daftari moja huwa na nakala katika kompyuta nyingi zilizo mahali mbali mbali, nazo hushauriana na kukubaliana juu ya kila badiliko kabla halijaandikwa. Moja ikizama, nyingine huendelea. Kampuni ya Google ilichapisha maelezo ya mtambo wake wa namna hiyo, uitwao Spanner, mwaka 2012. Mwaka 2015 zikaanzishwa kampuni mbili zilizofuata njia hiyo: Cockroach Labs ya New York, iliyoupa mtambo wake jina la mende kwa kuwa mende hafi kwa urahisi, na PingCAP ya Beijing, yenye mtambo uitwao TiDB. Kwa watu wa visiwani fikra hii ni ya thamani kubwa. Nakala zikiwa zimepangwa vizuri, kukatika kwa waya mmoja chini ya bahari hakupotezi kumbukumbu hata moja.

Msomaji na aangalie uamuzi wa watu hao. Walikuwa wanajenga upya tangu msingi, na hakuna aliyewazuia kutunga lugha mpya iliyo nzuri kuliko zote zilizotangulia. Hawakutunga. CockroachDB inaitika hodi ya PostgreSQL, ile ile ya namba 196608. TiDB inaitika hodi ya MySQL, hifadhidata iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1995. Google nao, ambao Spanner yao ilikuwa na lugha yake, walitangaza mwaka 2021 kwamba wataiwekea mlango wa PostgreSQL, wakatoa na programu ya ukalimani, PGAdapter, ambayo kazi yake ni kuusikiliza ujumbe wa mteja wa PostgreSQL na kuugeuza uwe lugha ya Spanner. Haya si mapenzi ya mambo ya kale. Wafanyabiashara hao walijua kwamba nje ya milango yao ziko programu zisizohesabika zilizokwisha kuandikwa, na walioziandika wengine wamestaafu, wengine wamefariki, wengine hawajulikani waliko. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa New York na Beijing hawakuisikia methali hiyo, lakini waliifuata, na ni vyema ikaeleweka kwamba waliifuata kwa hesabu ya fedha.

Hata hivyo, kuitikia hodi si kuelewana. Hapa ndipo penye mtego ambao wauzaji hawautaji sana, na ambao maofisa wetu wanaotia saini mikataba hawana budi kuujua. Mgeni kutoka Ulaya akiambiwa kwa Kiswahili kwamba boti inaondoka saa moja, naye amejifunza maneno bila ya kujifunza hesabu yetu ya saa, atafika bandarini saa saba mchana na kuambiwa kwamba boti imekwisha kufika Pemba. Hakuna neno lililosemwa vibaya wala kusikiwa vibaya. Tofauti ilikuwa katika maana, na kosa la maana ni baya kuliko kosa la neno kwa sababu halipigi kelele.

Mfano wa kwanza ni wa namba. Katika PostgreSQL, mwandishi wa programu akitaka kila kumbukumbu ipewe namba yake, aghalabu hupata namba zinazofuatana kwa utulivu: 1, 2, 3 na kuendelea, na namba ya aina ya kawaida haiwezi kupita 2,147,483,647. Katika CockroachDB neno lile lile la kuomba namba, likiachwa katika hali yake ya kawaida, huleta kitu kingine. Kwa kuwa kompyuta nyingi zinagawa namba kwa wakati mmoja na hazitaki kungojeana, kila moja hutengeneza namba yake kwa kuunganisha saa ya wakati huo na namba ya kompyuta yenyewe, na kinachotoka ni namba yenye tarakimu kama kumi na nane. Seva haioni tabu yoyote. Lakini programu iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha inayotumika katika kurasa nyingi za mtandao, ikiichukua namba hiyo kama namba ya kawaida, haiwezi kuishika kwa ukamilifu: kikomo chake cha uhakika ni 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu kumi na sita. Ikipita hapo huzungusha tarakimu za mwisho kama muuza duka anayezungusha senti. Namba ya jalada la mwananchi hutoka ghalani ikiwa sahihi, huonekana kwenye kioo ikiwa imebadilika mwishoni, na karani anapoirudisha kutaka maelezo zaidi seva humjibu, kwa haki kabisa, kwamba mtu huyo hayupo. Mtu huyo amesimama mbele ya dirisha na kitambulisho mkononi.

Mfano wa pili unahusu fedha, na tungependa wahasibu wa Serikali wausome mara mbili. PostgreSQL, ikiachwa katika hali yake ya kawaida, inavumilia kwa kiasi fulani kazi mbili zinazoingiliana. CockroachDB tangu mwanzo ilichagua ukali zaidi: kazi zote zionekane kana kwamba zimefanywa moja baada ya moja. Makarani wawili wakigusa hesabu moja kwa wakati mmoja, huenda mmoja wao akarudishiwa jibu lenye alama 40001, maana yake: kazi yako imefutwa, anza tena. Programu mpya inaijua alama hiyo na inaanza tena bila ya kumsumbua mtu. Programu ya zamani, iliyoandikwa pale ambapo alama hiyo ilikuwa nadra kuonekana, humwonyesha karani maandishi ya kosa, au, mbaya zaidi, humeza kosa na kuendelea kana kwamba malipo yameandikwa. Iko na alama nyingine, 40003, inayotolewa mawasiliano yanapokatika katika dakika ile ile ya kukamilisha kazi. Hiyo maana yake ni kwamba seva haiwezi kusema kama kazi ilikamilika au haikukamilika. Ni jibu la kweli na la heshima. Lakini programu isiyolijua hudhani ni kushindwa kwa kawaida, hutuma tena, na pensheni ya mzee mmoja ikatoka mara mbili ilhali kasma ni moja. Mkaguzi atakapokuja ataulizwa karani, hataulizwa aliyebuni itifaki.

Waliotengeneza CockroachDB hawakukaa kimya juu ya jambo hilo. Mtambo wao hujaribu kuanza tena wenyewe, ndani kwa ndani, maadamu haujampelekea mteja sehemu yoyote ya jibu. Ukishampelekea hauwezi kuirudisha, kama ambavyo neno lililotoka mdomoni halirudi. Na mwaka 2024, baada ya miaka kadhaa ya kuwahimiza watu waandike programu zao upya, waliukamilisha uwezo wa kufanya kazi kwa ule uvumilivu wa kawaida wa PostgreSQL, kwa wanaoutaka. Sisi tunalihesabu hilo kuwa ni ungwana. Waliotunga kanuni iliyo bora walikubali kwamba wako watu ambao programu zao haziwezi kuifuata, na badala ya kuwafungia mlango wakawafungulia dirisha.

Si wote waliofanya hivyo. Hifadhidata iliyosambazwa iitwayo Cassandra, iliyozaliwa katika kampuni ya Facebook na kutolewa kwa watu wote mwaka 2008, ilianza kwa kusema na wateja wake kwa itifaki ya Thrift. Mwaka 2011 ikaletwa lugha mpya ya maswali, CQL. Mwanzoni mwa mwaka 2013, katika toleo la 1.2, ikaongezwa itifaki mpya kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya CQL, yenye mlango wake wa namba 9042, na Thrift ikabaki kwenye mlango wake wa 9160. Katika toleo la 2.2, mwaka 2015, mlango wa Thrift ukawa umefungwa tangu mwanzo, na anayeutaka ilimbidi aufungue mwenyewe. Mwezi Julai mwaka 2021, katika toleo la 4.0, ukabomolewa na ukuta ukajengwa.

Tukiwa waadilifu tutakiri kwamba muda ule haukuwa mfupi. Tatizo la Thrift lilikuwa kwamba haikuwa lugha ya adabu tu. Ilimwonyesha mteja jinsi data zilivyopangwa ndani ya ghala, na programu nyingi ziliandikwa kwa kuutegemea mpangilio ule. Kwa hiyo kuhama hakukuwa kubadilisha maneno ya hodi, kulikuwa kuitazama upya kazi yote. Ofisi yenye mafundi kumi iliweza. Ofisi yenye programu iliyonunuliwa kwa muuzaji aliyekwisha kufunga duka ilikuwa na njia mbili tu: kubaki na toleo la zamani lisilopata tena marekebisho ya usalama, au kuanza upya.

Visiwa hivi vimepata kuona mambo ya namna hiyo kabla ya kompyuta. Wazee waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, waliotunza hesabu za maduka na wasia wa mashamba kwa mkono mzuri, walijikuta siku moja mbele ya fomu za herufi za Kirumi. Ujuzi wao haukupungua hata chembe. Ila aliyekuwa akiwapokea dirishani hakuzijua herufi zao, na aghalabu wakatiwa katika hesabu ya wasiojua kusoma.

Liko jambo jingine ambalo ni la hifadhidata zilizosambazwa hasa, na ambalo halikuwapo enzi ya kompyuta moja. Kompyuta ikiwa moja, hubadilishwa usiku na asubuhi kila mtu anaijua lugha yake. Zikiwa ishirini, hubadilishwa moja moja, maana ndiyo faida yake kwamba kazi haisimami. Kwa hiyo kwa siku kadhaa ghala moja huwa na wasemaji wa rika mbili. Mteja akipiga hodi kwenye kompyuta iliyokwisha kubadilishwa wakakubaliana juu ya lugha mpya, kisha akapelekwa kwenye iliyo bado, hukuta haeleweki. Mafundi wa Cassandra hulijua jambo hilo vizuri, na ushauri wao ni kumlazimisha mteja aseme lugha ya zamani mpaka kompyuta ya mwisho itakapobadilishwa. Yaani hata katika mtambo mpya kabisa, lugha ya zamani ndiyo inayoziunganisha pande zote wakati wa safari. Anayeifuta mapema anajinyima daraja akiwa bado katikati ya mto.

Kwa upande wa subira, PostgreSQL imeweka mfano mwema. Toleo lake la tatu la itifaki lilikuja mwezi Novemba mwaka 2003. Wateja wa toleo la pili waliendelea kupokelewa hadi mwaka 2021, ilipotoka PostgreSQL 14. Ni karibu miaka kumi na minane. Mtoto aliyezaliwa pamoja na lugha mpya alikuwa anamaliza skuli ndipo ile ya zamani ikaagwa. Na mwaka 2025, katika PostgreSQL 18, itifaki iliongezewa toleo la 3.2, ambalo ndilo badiliko la kwanza la namba hiyo tangu 2003, lakini mteja wa 3.0 bado anaitikiwa kama jana. Itifaki yenyewe imewekewa ujumbe maalumu wa kupatana: mteja akija na toleo dogo jipya ambalo seva hailijui, seva haimfukuzi, humwambia tu ni toleo lipi yenyewe inaliweza.

Baada ya kusema hayo, haitakuwa haki kuwanyamazisha maofisa wa usalama, ambao wanapoomba milango ya zamani ifungwe hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Lugha ya zamani huja na kufuli ya zamani. Mwezi Oktoba mwaka 2014 watafiti wa Google walieleza udhaifu walioupa jina la POODLE. Kompyuta nyingi wakati ule zilikuwa na njia za kisasa za kuficha mawasiliano, lakini zilibakisha na SSL 3.0, ya mwaka 1996, kwa ajili ya wateja wakongwe. Mwizi aliyekaa katikati ya njia alichofanya ni kuharibu salamu za kisasa moja baada ya moja mpaka pande zote mbili zikaamini kwamba mwenzake ni mkongwe, zikarudi kwenye SSL 3.0, na hapo akaanza kusoma siri. Wenye vyombo vipya waliibiwa kwa kupitia mlango waliowaachia wenye vyombo vya zamani. Hilo ni onyo la kweli.

Katika hifadhidata zenyewe liko suala la maneno ya siri. Njia kongwe ya PostgreSQL ilitumia hesabu ya MD5, na kasoro yake ni kwamba aliyeiba kile kilichohifadhiwa ghalani anaweza kuingia nacho bila ya kulijua neno la siri lenyewe. Mwaka 2017 ikaletwa njia bora iitwayo SCRAM, mwaka 2021 ikawa ndiyo ya kawaida, na mwaka 2025 PostgreSQL ikatangaza kwamba MD5 iko njiani kuondoka. Ni hatua hizo zilizowatoa nje wateja wengi wa zamani, kwa maneno ya kutatanisha kwamba namna ya kumi ya kuthibitisha haijulikani. MySQL nayo ilibadilisha njia yake ya kawaida mwaka 2018, na mwaka 2024, katika toleo la 9.0, ikaiondoa kabisa ile ya zamani. TiDB, iliyojifunza lugha ya MySQL, imebaki na njia ya zamani kama ndiyo ya kawaida yake, kwa ajili ya wateja wale wale. Mwanafunzi ameshika mila ambayo mwalimu ameitupa, na si rahisi kusema nani kati yao amewatendea wema watumiaji wake.

Maoni yetu ni kwamba ugomvi huu una njia ya kutokea, na njia hiyo ni mkalimani. Programu kongwe haina haja ya kusema lugha yake dhaifu kupitia njia yote ya bahari. Iwekwe programu ndogo ya ukalimani ndani ya ofisi ile ile, au katika kompyuta ile ile, isikilize lugha ya zamani kwenye waya usiotoka chumbani, kisha yenyewe izungumze na ghala kuu kwa lugha mpya na kufuli mpya. Ile PGAdapter tuliyoitaja inaweza kuwekwa kwa namna hiyo hiyo, ubavuni mwa programu inayoihudumia. Mkalimani huyo anaweza pia kufundishwa maana ya 40001 ili aanze kazi tena mwenyewe. Juu ya 40003 awe na tahadhari: asirudie malipo mpaka awe ameuliza kwanza kama yamekwisha kuandikwa. Gharama yake ipo, maana mkalimani naye huharibika na huhitaji mtu wa kumtunza, lakini ni gharama inayoonekana na inayoweza kuingizwa katika bajeti.

Kabla ya kufunga mlango wowote yapasa ijulikane nani bado anaupita. Seva inaweza kuandika kila hodi inayopigwa, toleo lake na inakotoka, na kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Tahadhari moja tu: wako wanaohesabu kwa mwezi mmoja, wakiona kimya wakatangaza kwamba hakuna mtumiaji wa zamani aliyebaki. Ofisi za Serikali haziendi kwa mwezi. Iko programu inayoamshwa mara moja kwa mwaka, Juni, wakati wa kufunga hesabu. Iko inayoamshwa wakati wa matokeo ya mitihani, wakati wa safari za Hija, wakati wa msimu wa karafuu. Iko na ile ya daftari la wapiga kura, ambayo inaweza kulala miaka mingi. Hesabu ya haki haiwezi kuwa chini ya mwaka mzima, na hata huo ukipita ni bora kuuliza kwa barua ofisi moja moja, Mkoani, Wete, Mkokotoni na kwingineko, na kungoja jibu lenye saini.

Na kwa wale wanaokaa upande mmoja wa meza na wauzaji, tunaomba mambo haya yaandikwe katika mkataba wenyewe, yasibaki katika maneno ya mezani. Lugha zipi za wateja mtambo utaziitikia, kwa majina na namba za matoleo. Kwa miaka mingapi baada ya kukabidhiwa. Taarifa ya kuiondoa mojawapo itolewe muda gani kabla, nani atalipia mkalimani au programu mpya kwa ofisi zitakazokuwa hazijahama, na katika majaribio ya kupokea mtambo iwemo kompyuta kongwe kuliko zote inayotumika visiwani, pamoja na karani wake. Muuzaji atakayesema kwamba mtambo wake unaafikiana na PostgreSQL au MySQL aombwe aketi na karani huyo siku moja, waandikishe kizazi kimoja, walipe pensheni moja, wakate waya katikati ya malipo, kisha wafungue daftari waone imeandikwa mara ngapi.